Mbegu za Ua la Mukuba

Tulikuwa kwenye kilio cha Mama Clotilde, kule Bel-Air, Lubumbashi, viti vya plastiki vimejaa kiwanja mpaka barabarani, wakati mjukuu wake Divine aliponivuta kando na kuniuliza swali ambalo mtu haulizwi akiwa na tonge la bukari mdomoni. "Ba tantine," aliniambia, "banasema kuko mwaka mulilalaka hapa kwetu, mu annexe. Mama yangu haniambiake kitu. Kaburi ya papa iko wapi?" Mimi ni mtu wa kusema. Mtaani kwangu wanajua kwamba nikianza kuhadithia safari ya kwenda sokoni, msikilizaji anaweza kubandika maharagwe na yakaiva kabla sijalifikia soko lenyewe. Lakini mbele ya msichana yule, ambaye macho yake ni ya baba yake kama mtu ameyakopi kwa mashine, nilikosa maneno. Wanawake walikuwa wanaimba, sufuria za sombe, majani ya muhogo, zinapita, na mimi nimesimama kama nguzo ya umeme isiyo na umeme. Nikamwambia: nitakuandikia. Basi Divine, kisa hiki ni chako, wengine wasome kwa ruhusa yako. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala babu yangu alifanya kazi gani kwenye reli. Lubumbashi nzima ina babu wa reli. Nitaeleza mwaka mmoja tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi mchana na kusoma shule ya jioni ili nipate diploma niliyoikimbia nikiwa kijana mjinga. Chumba nilichopanga nyuma ya nyumba ya bibi yako kilikuwa kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani nilifungua mlango kwanza. Ukuta kati yangu na chumba chake ulikuwa wa matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu, na sauti ilipita humo kama moshi. Kila alfajiri, kabla ya jogoo, nilimsikia akisema: "Serge, ulilala muzuri? Mayi haikuingia?" Halafu kimya. Halafu: "Bon. Mukate iko, chai iko." Wiki ya kwanza nilidhani Serge ni mpangaji mvivu asiyejibu salamu za mama wa nyumba. Nikamchukia kabisa. Asubuhi moja, nikiosha uso bombani, nikamwuliza mama yako, Nadège, aliyekuwa anasugua masufuria: "Ule Serge wenu, njo mutu gani haamukake?" Nadège aliendelea kusugua. Alikuwa amevaa nyeusi tangu kichwa hadi miguu, na mimi, bingwa wa biolojia ya shule ya jioni, sikuwa nimejiuliza kwa nini. "Yaya Régine," alisema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "Serge ni bwana yangu. Alikufaka mu kilima." Tangu siku ile, alfajiri ilipofika na sauti ile ikauliza kama maji hayakuingia, nilivuta blanketi mpaka puani, na nikawa nangoja, Mungu anisamehe, jibu.

Mezani palikuwa na sahani yake. Sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, imefunikwa kifudifudi mahali pake, na hakuna aliyeigusa isipokuwa kuipangusa vumbi. Tulikula kuizunguka: bukari, mboga za lengalenga, siku nzuri samaki wa kukaushwa kutoka Kasenga aliyetumwa na dada ya Nadège, samaki mwenye miiba mingi kuliko nyama lakini mwenye harufu ya kuamsha mtaa. Wewe Divine ulikuwa umeanza kutembea juzi tu, na kazi yako kubwa ilikuwa kula udongo. Sisemi kuonja, nasema kula. Tulikutoa udongo mdomoni asubuhi, mchana na jioni, na ulilia kila mara kama tumekunyang'anya keki. Bibi yako alicheka wewe ukilia. Ndicho kitu pekee kilichomchekesha.

Kwetu, unajua, mjane havui nguo nyeusi mwenyewe. Familia ya marehemu ndiyo inayomvua, siku ya kumaliza kilio: wanamwogesha, wanamfungua kitambaa cha kichwani, na mkubwa mmoja anasema mbele ya watu kwamba sasa yuko huru. Kabla ya hapo haolewi, hauzi sokoni, mlango wa watu habishi bila kuangaliwa vibaya, maana inasemekana kifo bado kinamfuata nyuma kama mbwa. Na kilio cha Serge hakikuweza kumalizwa, kwa sababu hakikuwa na kaburi. Alikuwa mchimbaji, mmoja wa vijana waliochimba mashimo yao wenyewe kilimani kabla kampuni ya mgodi haijafika. Mvua ilishuka, shimo likaanguka. Wenzake walitoka. Yeye hakutoka, na walipochoka kutafuta, shimo likafukiwa hivyo hivyo, naye humo. Wajomba zake kutoka upande wa kaskazini walikaa kwenye viti hivi hivi vya plastiki, wakanywa munkoyo wakaumaliza, wakasema: hatumalizi kilio cha mtu ambaye hatukumzika. Halafu wakamwachia mama yake, Mama Clotilde, neno la mwisho, wakapanda gari.

Sasa kilima chenyewe. Asubuhi lori la kampuni lilitubeba, sisi wanawake wa kazi, na mimi na Mama Clotilde tulikaa ubavu kwa ubavu juu ya magunia. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ile. Ulipita msitu, miti imesongamana, halafu ghafla kilima kipara, hakuna mti hata wa kufungia mbuzi. Vilima vya mukuba viko hivyo, mukuba yaani shaba: udongo wake ni sumu kwa miti. Lakini mvua zikikaribia kuisha, upara ule unavaa ua dogo la zambarau, limesimama wima kama kidole, ambalo haliwezi kuishi kwenye udongo wa kawaida kwa sababu majani mengine yanalimeza. Kampuni ilikuwa inataka kukifungua kilima kizima, na ilitakiwa kwanza kuokoa ua hilo: kusogeza udongo wa kilima mahali pengine nyuma ya msitu, na kupanda mbegu huko. Kazi ya mbegu ilikuwa yetu sisi. Mkubwa wetu alikuwa Papa Donatien, agronomi, yaani bwana shamba, mnene mwenye mwavuli, aliyezungumza na maua kwa Kifaransa na sisi kwa Kiswahili. Alitufundisha kuanza mvua zikiisha kabisa, mwezi wa tano kwenda wa sita, si kabla. "Kama kichwa ya ua ingali na majani mabichi, mutoto angali mu tumbo," alisema. "Mungoje ikauke. Mutikise karibu na sikio. Ikilia sawa chumvi mu karatasi, njo saa yake."

Tulitikisa maua karibu na masikio kutwa nzima. Mama Bijou, mwenzetu mwenye mdomo, alisema: "Mi bwana yangu nikimutikisaka hivi, halie kitu. Tupu!" na lori zima lilicheka mpaka Lubumbashi. Mbegu zilikuwa ndogo, ndogo hivi kwamba ukipiga chafya umepoteza hekta nzima. Tulizikausha kivulini, kamwe si juani, tukazifunga ndani ya karatasi, kamwe si plastiki, kwa sababu plastiki inazitoa jasho na jasho linazioza. Mimi nilikuwa na mikono ya haraka kuliko wote; nasema hivyo kwa sababu Mama Bijou hayupo hapa kunikanusha. Lakini Mama Clotilde hakufanya haraka. Alikuwa na mahali pake maalumu, upande wa kilima unaoangalia machweo, ambapo ardhi ilikuwa imezama kidogo kama kitanda kilicholaliwa. Hapo maua yalikuwa mazito kuliko kwingine kote. Tuliona anapiga magoti, anatikisa ua moja moja karibu na sikio, na kabla ya kulikata anasikiliza muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikia mbegu. Mama Bijou mwenyewe, akifika pale, alishusha sauti. Mbegu za pale Mama Clotilde hakuzitia kwenye gunia la kampuni. Alizifunga kwenye karatasi mbili, akazitia kifuani, na Papa Donatien akafungua mwavuli wake upande mwingine ili asione.

Jioni hiyo niliporudi kutoka shule nilizisikia sauti zao ukutani. Sikutega sikio, ukuta ndio ulionitegea. Nadège alikuwa anasema polepole. "Mama, yaya yangu ku Kasenga anasema meza yake ya samaki iko. Yeye anachoka, anataka tusaidiane. Lakini nisifike na nguo nyeusi. Bantu habatanunua." Halafu Mama Clotilde: "Unataka kuacha Serge peke yake mu shimo?" "Hapana, mama. Mi ninataka kulisha mutoto wake." Nikasikia karatasi inafunguliwa. "Ona," alisema Mama Clotilde. "Hii ilitoka juu yake. Yeye njo aliilisha. Kilima banaenda kuivunja, kaburi itaenda na mashini, lakini hii nitaipanda hapa, mu kiwanja yetu. Siku ua itafunguka, Serge atakuwa amefika ku nyumba. Siku ile nitakuvua ile kitambaa mi mwenyewe, na mukono yangu, na utaenda Kasenga." "Na kama haiote?" "Itaota." "Mama, na kama haiote?" Nililala nikiwa nimejiahidi kwamba mbegu zile zitaota hata kama itabidi nizikalie kama kuku.

Kiangazi kilipita, vumbi jekundu, kilima kikaungua kwa moto wa msitu kama kila mwaka, na mwishoni mashine zilifika. Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kuzunguka. Papa Donatien alitukataza kupanda kwenye mvua ya kwanza. "Hii ya kwanza iko muongo," alisema. "Inalowesha juu, inaenda, jua inachoma mutoto. Mungoje mpaka mukiingiza kidole mu udongo, kidole yote inatoka na baridi." Na akatuonyesha. Unachanganya mbegu na mchanga mkavu, ili mkono uone ulipokwisha kupita. Unazimwaga juu ya udongo, hazifukiwi, maana mbegu ndogo vile inataka jua kama mtu. Huziwekei mbolea, huzimwagilii. Halafu unavua viatu, unazikanyaga, mguu kwa mguu, zishikane na ardhi, na mvua iziangukie yenyewe. Mama Bijou alikanyaga kwa kucheza, kiuno na yote. Niligeuka nimwonyeshe Mama Clotilde, nikakuta uso wake umejifunga.

Nyumbani, siku inswa, yaani kumbikumbi, walipotoka ardhini kwa maelfu na mtaa mzima ulikuwa unakimbiza mabawa na kikaango, yeye alichimba. Chini ya dirisha lake, udongo mweusi uliochekechwa, na mbolea ya kuku, laini kama unga. Aliingiza mbegu za karatasi ya kwanza mpaka chini, kina cha mkono, akazifunika kwa viganja, akapigapiga polepole kama anayemlaza mtoto. Nikafungua mdomo kusema maneno ya Papa Donatien. Nadège alinishika kiwiko, nikaufunga. Na mvua ya kweli ilipofika, ile ya Novemba inayopiga mabati kama mawe, nilimsikia Mama Clotilde akitoka mbio kabla ya pambazuko. Nilichungulia. Alikuwa anatandaza turubai juu ya kile kitalu, anakandamiza pembe zake kwa matofali, amelowa mpaka mifupa. "Mayi haitaingia," alikuwa anasema. "Mara hii mayi haitaingia."

Kila mvua alitandaza. Chini ya turubai hapakuota kitu isipokuwa majani ya kawaida, yale mapana ya kijinga yanayopenda mbolea. Kila asubuhi Nadège aliinua pembe moja, akatazama, akairudisha. Alianza kupungua kama sabuni. Aliniambia, tukichambua mboga, kwamba anamwota Serge: anasimama mlangoni, tope mpaka magotini, haingii, na akimwambia ingia anatazama miguu yake na kusema atachafua. "Kila siku, yaya. Na mi ninaamuka, ninaangalia ku mulango kama kuko tope." Na nitakuambia, Divine, tangu hapo na mimi nilitazama mlangoni.

Desemba ilipokaribia kuisha nilimleta Papa Donatien, na mwavuli wake, kwa kisingizio cha kuja kula. Alikula kwanza, kwa moyo wote, bila kuigusa sahani ya kifudifudi. Halafu akaenda dirishani, akachutama, akaingiza kidole. "Mama Clotilde," alisema, "unaifukia." "Ndiyo." "Na unaifunika mvua." "Ndiyo." "Nilifundisha vile?" "Nilisikia mafundisho yako, ba chef," alisema Mama Clotilde, na sauti yake haikutikisika. "Lakini mutoto yangu hakuzikwaka. Sasa mi nimutupe juu ya udongo sawa takataka, mvua imupige tena, na nimukanyage? Nani anakanyaga mutoto wake?" Papa Donatien alibaki amechutama. Mwishowe alisema tu kwamba mbegu za hapa zimekwisha kufa, kwamba udongo huu ni mzuri mno kwazo, na kama amebakiza nyingine, ziko siku chache za kupanda kabla haijachelewa, lakini lazima ziwe kwenye udongo wa kilima.

"Basi nitaleta udongo wa kilima hapa," alisema Mama Clotilde. "Magunia. Nitaimwanga hapa hapa."

Hapo Nadège, ambaye mwaka mzima sikumsikia akimpandishia sauti mama mkwe wake, alisimama. Wewe ulikuwa chini ya meza, mashavu yamejaa, tope jeusi linakutoka pembeni ya mdomo. Alikunyakua, akakuingizia kidole, akautoa udongo wote ule, akauonyesha kwenye kiganja. "Mama, ona! Ona kile anakula! Ule udongo ya kilima inauaka hata miti. Serge ulimupoteza ku kile kilima. Huyu pia unataka kukipatia?" Ulilia wewe, akalia yeye. Mama Clotilde alitazama kile kiganja. Alikitazama kama anayesoma. Kisha akakitwaa, akakipangusa kwa kanga yake mwenyewe, kidole kwa kidole, na akaingia ndani. Alfajiri iliyofuata nilingoja sauti ya ukutani. Haikuuliza kama maji yameingia. Ilisema: "Serge, hapa ku nyumba haitawezekana. Kuko mutoto." Na baada ya muda: "Usikasirike."

Asubuhi hiyo tulipanda lori sote, na Nadège, na wewe mgongoni mwangu, uzito wako gunia la chumvi na nusu, kwa sababu nilikuwa nimeapa mguu wako hautagusa ardhi ya kule. Nyuma ya msitu, shamba jipya lilikuwa limetandazwa, udongo wa kilima, mwekundu wenye madoa ya kijani, na kona moja Papa Donatien alikuwa ameiacha wazi. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo, ile nyembamba. Mama Clotilde aliingiza kidole. Kikatoka chote na baridi. Alifungua karatasi ya pili, akachanganya na mchanga ndani ya bakuli, akaanza kumwaga, mkono unakwenda na kurudi, mpaka kona yote ikawa na vumbi jeupe. Halafu akasimama pembeni na bakuli tupu. Ilibaki kukanyaga. Mimi niliinama kuvua viatu, maana mimi ni bingwa wa kukanyaga, lakini Mama Bijou alinivuta sketi. Mvua ilianza kuongezeka. Nilimwona Mama Clotilde anainua macho kwenye mawingu, mikono inatafuta kitu cha kufunika, lakini hapakuwa na turubai.

Utaniuliza kama maua yaliota. Yaliota, Divine. Machi ile kona ilikuwa ya zambarau, na shamba zima pia, huwezi kujua yapi ni ya nani, na bibi yako aliyasalimia yote, kwa jina moja. Ukitaka kaburi, nitakupeleka, liko pale, na kila mwaka linajipanda lenyewe. Lakini bibi yako hakungoja Machi, na hicho ndicho ninachotaka ukijue.

Siku ile ya kupanda, Nadège alivua sandali zake. Aliziacha zimepangana ukingoni, akapandisha nguo nyeusi kidogo juu ya vifundo, akamtazama mama mkwe wake. Mama Clotilde alivuta pumzi, na sauti aliyotoa ilikuwa ile ile ya alfajiri, ile niliyoisikia ukutani mwaka mzima, sasa mbele ya watu, mchana, kwenye mvua. "Serge," alisema, "ni bibi yako, Nadège. Njo yeye anapita. Umuache apite." Kisha akamwambia Nadège: "Kanyaga, mwanangu. Kanyaga nguvu."

Alikanyaga, mguu mbele ya mguu, mistari imebanana, tope jekundu linapanda magotini, na mvua inapiga nyayo zake zikiwa bado zinajichora. Hakuacha mahali. Alipofika mwisho alikuwa upande wa pili, upande wa barabara ya kwenda Kasenga, na alisimama pale hajui kama arudi. Mama Clotilde aliokota zile sandali. Alizunguka shamba lote, hakulikata katikati, akafika mbele yake, akakifungua kitambaa cheusi kichwani mwake kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akapiga magoti kwenye matope, na akaziweka sandali chini, zikiangalia barabara.